Oksijeni ya mama inasoma 97, mbona bado anahema?

"Daktari, hujambo? Naandika kwa niaba ya mama yangu. Ana miaka 56 na anauza mboga soko la Kibuye hapa Kisumu. Kwa mwezi mmoja na nusu hivi amekuwa na kikohozi kikavu, usiku anatokwa na jasho, na nguo zimeanza kumpwaya. Sasa hata kutoka kitandani hadi bafuni anahema mpaka anaketi njiani. Halali chali tena. Anajiegemeza kwa mito au analalia ubavu wa kulia. Tumempeleka zahanati mara mbili. Kila mara wanamwekea kile kifaa kidoleni, kinasoma 96 au 97, wanasema oksijeni iko sawa, labda ni wasiwasi tu, wanampa antibiotiki tunarudi nyumbani. Wiki jana tulijichanga akapigwa eksirei, na ripoti ikasema ana maji mengi upande wa kulia wa kifua. Daktari wa hapo anataka kumdunga sindano mgongoni ayatoe. Mama amekataa katakata. Shangazi zangu wanasema kuna jirani yao alitobolewa hivyo, maji yakarudi, akafa. Wengine wanasema ni baridi ya alfajiri sokoni na maji baridi anayokunywa. Ndugu yangu aliye Nakuru anataka tukodishe mtambo wa oksijeni tuuweke nyumbani. Kama oksijeni yake ni nzuri, kwa nini anahema? Na je, tumshawishi akubali sindano, au tungoje dawa zifanye kazi?"

Dada, pole kwa mama. Nianze na lile ambalo naamini limemvunja moyo kuliko hata kikohozi chenyewe, yaani kuambiwa kwamba ni wasiwasi. Mama yako hajisingizii. Mtu anaweza kuwa na oksijeni ya 97 katika damu na bado akapumua kwa taabu ya kweli, na maji yaliyoonekana kwenye picha yanatosha kabisa kueleza taabu hiyo. Wasiwasi anao, bila shaka; nani asingekuwa nao akikosa pumzi kati ya kitanda na bafu? Lakini huo umezaliwa na ugonjwa. Haukuuzaa.

Tuelewane kwanza maji yenyewe yako wapi. Tukisikia "maji kwenye mapafu" wengi wetu huwaza pafu lililojaa maji ndani, mtu anazama akiwa amekaa kitandani. Hali ya namna hiyo ipo, hasa moyo ukishindwa ghafla kusukuma damu, na hapo oksijeni hushuka haraka sana. Ya mama yako ni nyingine. Maji yake yako nje ya pafu, katikati ya tando mbili nyembamba: mmoja umelifunika pafu, mwingine umetandikwa upande wa ndani wa mbavu. Kila mmoja wetu ana maji kidogo hapo, kama mililita 10 hadi 20 kwa jumla, yanayozifanya tando hizo ziteleze bila kukwaruzana tunapopumua. Maji hayo hutengenezwa kila saa na kufyonzwa kila saa. Yakitengenezwa kwa wingi kuliko yanavyofyonzwa, au njia za kuyafyonza zikiziba, yanajikusanya upande wa chini wa kifua na kupanda taratibu. Ripoti inaposema "mengi" kwa mtu mzima, mara nyingi tunazungumzia lita moja na kuendelea.

Kwa hiyo lile la maji baridi tuliweke kando kabisa. Maji anayokunywa mama yanakwenda tumboni, yanaingia kwenye damu, yanatoka kwa mkojo na jasho. Hayana njia ya kufika kwenye nafasi hiyo. Msimnyime maji ya kunywa kwa hofu hiyo, hasa sasa anapotoka jasho usiku. Baridi ya alfajiri sokoni inaweza kumkera mtu anayekohoa, ila haikusanyi maji kifuani. Na kwa kuwa wengine watakuja na la moshi wa kuni, niseme pia: moshi unaharibu mirija ya hewa ya akina mama wengi sana katika nchi hii, nami ningependa kila jikoni iwe na dirisha, lakini moshi wenyewe haujazi maji upande mmoja wa kifua. Kuna ugonjwa nyuma yake, na ndio tunaoutafuta.

Sasa swali lako kubwa. Kazi ya kuvuta hewa inafanywa zaidi na kiwambo, ule msuli mpana uliotanda kati ya kifua na tumbo. Ukiwa mzima umeinuka juu katikati, una umbo la kuba. Unapovuta pumzi kuba hilo linashuka, kifua kinapata nafasi, na hewa inaingia yenyewe. Sasa weka lita moja na nusu ya maji juu ya msuli huo. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kilo hiyo imekaa pale mchana na usiku. Kiwambo kinasukumwa chini mpaka kinalala bapa, wakati mwingine kinabinuka kuelekea tumboni. Msuli uliokwisha kuvutwa hivyo hauna tena pa kushukia. Fikiria mvukuto wa mhunzi uliowekewa jiwe juu: hewa bado inatoka na moto bado unawaka, lakini mkono wa anayeuvuta unachoka kabla kazi haijaanza. Mama yako ndiye mwenye mkono huo.

Kuna kinachoongezeka. Ubongo hutoa amri ya kuvuta pumzi, kisha husubiri habari kutoka kwenye misuli na mbavu kwamba kifua kimepanuka inavyostahili. Kwa mama amri inatoka kwa nguvu na kifua kinajibu kwa kiasi kidogo. Tofauti hiyo kati ya kilichoamriwa na kilichotendeka ndiyo tunayoihisi kuwa "hewa haitoshi", hata kama damu ina oksijeni tele. Ndiyo maana tukitoa lita moja ya maji mgonjwa anaweza kuvuta pumzi ndefu papo hapo na kusema kifua kimefunguka, ilhali kifaa cha kidoleni kinasoma namba ileile, au kimesogea pointi moja tu. Pafu lenyewe huwa limepanuka kwa sehemu ndogo ya hiyo lita. Nafuu nyingi imetokana na kiwambo kurudi mahali pake.

Hata kule kulalia ubavu wa kulia kunapatana na picha. Wengi wenye maji mengi upande mmoja hujikuta wanalalia upande huohuo bila kufundishwa na mtu, ili upande mzima ubaki juu upanuke bila kulemewa.

Na oksijeni inabakije nzuri? Pale ambapo maji yamelikandamiza pafu, hewa haifiki. Lakini mishipa midogo ya damu ya sehemu hiyo inatambua upungufu wa hewa, inajibana, na damu inaelekezwa kwenye sehemu zinazopumua vizuri. Pafu la kushoto la mama ni zima na linabeba kazi kubwa. Ndiyo maana damu inatoka kifuani ikiwa imeshiba oksijeni. Kile kifaa kinapitisha mwanga kwenye kidole na kusoma rangi ya damu, basi. Kinakwambia ni asilimia ngapi ya chembe za kubeba oksijeni zimejazwa. Hakijui mama ametumia nguvu kiasi gani kufika 97, hakijui amepumua mara ngapi kwa dakika, na hakijui kama ana damu ya kutosha. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kusoma 98 huku akihema vibaya. Kwa hiyo mwombe daktari apime na wingi wa damu, kwani mtu aliyekonda kwa wiki sita anaweza kuwa nayo pungufu.

Tukiwa hapohapo, kwa faida ya ndugu yako na wengine wa maeneo ya juu: Kisumu iko kama mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850, Eldoret kama 2,100. Kadiri unavyopanda hewa inapungua, na mtu mzima wa afya kule Eldoret anaweza kusoma 94 bila ugonjwa wowote. Kidole chenye baridi, rangi ya kucha au hina huweza kupotosha kipimo. Tena vifaa hivi vimeonekana mara nyingine kuwasomea watu wenye ngozi nyeusi namba ya juu kuliko hali halisi. Kipimo kizuri kinapendeza. Kisiwe sababu ya kumrudisha nyumbani mtu anayeketi njiani kuelekea bafuni.

Ningependa sana kila anayempokea mgonjwa wa aina hii, hata katika zahanati isiyo na eksirei, amfunue mgongo na kuugonga. Unaweka kidole cha kati cha mkono mmoja katikati ya mbavu na kukigonga kwa ncha ya kidole cha mkono mwingine, ukishuka pole pole kutoka mabegani. Palipo na hewa unasikia mlio wa uwazi. Ukifika kwenye maji mlio unakufa ghafla, unakuwa mzito, na kidole chenyewe kinahisi ugumu. Linganisha kulia na kushoto. Inachukua dakika moja, haigharimu shilingi, na ingemwokolea mama yako wiki kadhaa.

Kuhusu mtambo wa oksijeni, mwambie ndugu yako, kwa shukrani zote kwa moyo wake, azihifadhi pesa hizo. Oksijeni husaidia damu iliyopungukiwa nayo. Damu ya mama imeshajazwa, na kuongeza hakuinui hata gramu moja ya yale maji. Kibaya zaidi, mtambo nyumbani unaipa familia hisia kwamba matibabu yameanza. Pesa za kukodi mwezi mmoja zitafaa zaidi kwenye altrasaundi ya kifua, vipimo vya maji na nauli. Oksijeni yake ikishuka baadaye ataihitaji kweli, lakini siku hiyo mahali pake ni wodini.

Cha kumpunguzia taabu usiku kipo na ni rahisi. Aketi ameinama mbele kidogo, mikono ameiegemeza mezani au juu ya mito. Fungueni dirisha, au mpepee usoni kwa kipande cha katoni au feni ndogo. Hewa inayopita mashavuni na puani hutuliza kweli hisia ya kukosa pumzi. Ale kidogo kidogo mara nyingi, kwa maana tumbo likijaa linakisukuma kiwambo ambacho tayari kimebanwa. Kujifukiza hakufiki kwenye maji hayo, na sufuria la maji ya moto mbele ya mtu dhaifu ni hatari. Na tafadhali msimpe Lasix, ile dawa ya kukojoza, ya jirani mwenye presha. Dawa hiyo inasaidia maji yanayotokana na moyo. Kwa maji ya TB au saratani itamkausha mwili, imshushe presha na kuvuruga chumvi za damu, na maji ya kifuani yabaki palepale.

Tuje kwenye chanzo, na hapa nitakuwa muwazi nawe bila kumtisha mama. Sijamwona, wala sijaiona picha yake. Lakini wiki sita za kikohozi kikavu, jasho la usiku, kukonda, maji upande mmoja, na antibiotiki awamu mbili zisizosaidia: hapa kwetu daktari yeyote ataiweka TB juu kabisa ya orodha. TB ya utando wa mapafu ni ya kawaida, na inatibika vizuri. Ya pili ambayo sitaiacha bila kuitafuta, kwa mwanamke wa miaka 56, ni saratani, ama ya pafu ama iliyoanzia kwingine kama titi. Je, ana uvimbe titini au kwapani? Mwulize taratibu, faraghani, kwa sababu akina mama wengi hawataji mpaka waulizwe. Moyo dhaifu pia huleta maji, ila kwa kawaida ya pande zote mbili, pamoja na kuvimba miguu. Figo na ini huweza pia. Na ikiwa ana homa kali yenye baridi na maumivu makali ya ubavu, tunafikiria nimonia iliyogeuza maji kuwa usaha. Hiyo haingoji wiki. Inahitaji mpira wa kutolea usaha haraka kabla haujaganda na kujigawa vyumba vyumba.

Orodha hiyo ndiyo sababu ya mimi kusema akubali sindano. Kutoa maji kuna malengo mawili, na familia nyingi huelezwa moja tu. La kwanza ni nafuu ya kupumua. La pili, na kwa mama yako ndilo zito, ni kujua jina la ugonjwa. Rangi yake tu inasema kitu: manjano angavu, ya damu, meupe mazito, au usaha. Kisha maabara inalinganisha protini na kimeng'enya kiitwacho LDH katika maji hayo na vilivyomo katika damu yake, kwa hiyo atolewe na damu siku hiyohiyo. Ulinganisho huo ulielezwa na daktari Mmarekani Richard Light na wenzake mwaka 1972, na mpaka leo ndio unaotuambia kama maji yanatokana na msukumo na upungufu wa protini, kama kwenye moyo na ini, au utando wenyewe ni mgonjwa, kama kwenye TB, saratani na nimonia. Wanahesabu pia aina ya chembe nyeupe, wanatafuta chembe za saratani, na pale kinapopatikana wanapima kimeng'enya cha ADA ambacho hupanda sana kwenye TB.

Hapa nikuonye juu ya jambo linalowapotosha wengi. Maji yakipimwa kwa mashine ya GeneXpert na jibu likawa hakuna TB, msiseme "tumeshajua si TB". Katika utando wa mapafu vijidudu huwa vichache mno. Sehemu kubwa ya maji ni mwili ukipigana navyo. Mashine inawakosa wengi. Daktari atajumlisha dalili, chembe, ADA na picha, na pengine achukue kipande kidogo cha utando. Makohozi yapimwe pia hata kama kikohozi ni kikavu, kwa kuwa wengine hupatikana na vijidudu humo ingawa mapafu yanaonekana safi kwenye picha. Kipimo cha virusi vya UKIMWI ni sehemu ya utaratibu kwa kila anayeshukiwa kuwa na TB. Kisichukuliwe kama tuhuma.

Sasa ile sindano yenyewe, maana mama anaiogopa bila kuijua. Anaketi ukingoni mwa kitanda, mgongo wazi kwa daktari, mikono ameiweka juu ya meza yenye mto. Daktari anatafuta maji kwa altrasaundi na kuweka alama kwenye ngozi. Anasafisha kwa dawa ya baridi. Sindano ya kwanza ni ya ganzi, na hiyo ndiyo inayouma, uchungu wa kuchoma wa sekunde chache. Kisha ile ya kutoa maji inapita juu kidogo ya ubavu, kwa makusudi, kwani mishipa ya damu na ya fahamu imejificha chini ya kila ubavu. Anachohisi ni msukumo. Maji yanatiririka kwenye mpira hadi kwenye chupa au mfuko. Anaombwa tu asikohoe wala kushtuka bila kusema. Pafu linapoanza kufunguka anaweza kupata kikohozi, ni kawaida. Kikiwa kikali au kifua kikimbana, aseme, na daktari atasimamisha. Hatutoi zaidi ya lita moja na nusu kwa mara moja, kwa sababu pafu lililokandamizwa muda mrefu likifunguliwa kwa pupa linaweza kuvimba.

Hatari zipo, sitakuficha. Hewa inaweza kuingia kati ya pafu na mbavu, na mara chache hilo huhitaji mpira wa kuitoa. Damu inaweza kuvuja, hivyo mseme mapema kama anatumia warfarini, aspirini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu. Vijidudu vinaweza kuingia, mara chache. Altrasaundi inapunguza sana hatari hizi, na ningewashauri muulize waziwazi: "Mtatumia altrasaundi?" Kama jibu ni hapana na hali ya mama haijawa ya dharura, ni afadhali mwende panapoitumia. Hospitali kubwa ya rufaa ya Kisumu, ile ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wengi bado tunaiita Russia, ni mahali pa kuanzia. Walio Nakuru wana hospitali yao ya rufaa ya kaunti, na wa Eldoret wana Moi. Hakikisheni usajili wake wa SHA, bima ya afya ya serikali, umekamilika kabla ya kwenda, kwa kuwa kama atalazwa mtauhitaji mlangoni.

Na jirani wa shangazi zako? Simfahamu, na nawapa pole. Ila nimesikia kisa cha namna hiyo mara nyingi, na maelezo yake hufanana. Maji hurudi kwa sababu kilichoyaleta hakijatibiwa. Mtu anatolewa maji, anapata nafuu, anarudi nyumbani bila majibu ya maabara na bila dawa. Baada ya majuma machache amejaa tena. Au alikuwa na saratani iliyokwisha kuenea, ambayo maji yake hurudi hata tukifanya nini kwa sindano. Kwa huyo pia tuna njia, kama kuzigandisha tando mbili zishikane kwa poda maalumu, au kumwachia mpira mwembamba ambao familia inafundishwa kuutumia nyumbani. Kilichomuua ni ugonjwa ule. Sindano ilionekana tu kwa kuwa ndiyo ya mwisho kukumbukwa.

Je, mngeweza kungoja? Kwa haki, nipime upande huo pia. Kama ingekuwa wazi kwamba moyo ndio chanzo, na maji ni ya pande mbili, tungeanza na dawa na kuyaacha. Kama maji yangekuwa kiduchu, tungeyatazama. Na kuna mahali ambapo vipimo havipatikani, daktari akaanzisha dawa za TB kwa dalili pekee, sitamlaumu. Lakini kwa mama yako naona hasara tatu za kungoja: anateseka bila sababu, saratani kama ipo inapata muda, na usaha kama upo unaganda. Kuna mtego mwingine usiojulikana sana. Maji ya TB yanaweza kufyonzwa yenyewe bila dawa yoyote. Mgonjwa anapona, familia inashukuru, dawa ya mitishamba inasifiwa. Katika miaka ya kabla ya matibabu ya sasa ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya watu wa aina hii walirudi na TB kamili ndani ya miaka michache. Kwa hiyo akianza kupata nafuu kabla hajapimwa, nendeni vilevile.

Ikithibitika ni TB, matibabu ni miezi 6: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Katika vituo vya serikali dawa hizo ni bure. Mkojo utakuwa na rangi ya chungwa kwa ajili ya rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, asishtuke. Macho yakiwa ya manjano au akitapika mfululizo, arudi kituoni bila kungoja siku ya kliniki. TB iliyo kwenye utando peke yake haiambukizi sana, hata hivyo mnaoishi naye mpimwe, watoto wadogo kwanza. Kikohozi na jasho huanza kupungua ndani ya wiki chache. Maji huchukua muda zaidi, na picha inaweza kubaki na kivuli kwa miezi hata kama yeye anaendelea vizuri.

Kuhusu kumshawishi: msimlazimishe, wala msimzunguke. Ana haki ya kukataa, na anakataa kwa sababu ya kisa alichosikia, si kwa ukaidi. Mwombeni daktari au muuguzi aketi naye, amwonyeshe picha yake upande wa kulia na wa kushoto, amweleze kwa lugha anayoizungumza nyumbani, Dholuo au nyingine. Mchukueni na shangazi mmoja, yule anayesikilizwa. Kama bado anaogopa kutolewa yote, anaweza kukubali kwanza kutolewa kiasi kidogo cha vipimo, mililita 50 hivi, kwa sindano ndogo zaidi. Hiyo haitampa nafuu ya pumzi, lakini itatupa jina la ugonjwa, na wengi wakishaona sindano ya kwanza ilivyokuwa hukubali ya pili wenyewe.

Fanyeni hivyo wiki hii. Wakati huo huo mhesabie pumzi akiwa ametulia, dakika nzima ukitazama saa, bila kumwambia unahesabu. Zikizidi 30, au akishindwa kumaliza sentensi moja bila kukatika, au midomo ikigeuka rangi, au akichanganyikiwa, akizimia, akikohoa damu, akipata maumivu makali ya ghafla ya kifua, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kipimo kikishuka chini ya 92 mkiwa hapo Kisumu, mpelekeni dharura saa hiyohiyo, usiku au mchana. Msingoje namba ishuke ikiwa dalili nyingine zimeshajitokeza. Na baada ya kutolewa maji, akirudi nyumbani kisha akaanza kuhema upya ghafla, akapata homa, au ngozi ya kifua ikavimba na kuchakacha ukiibonyeza, arudi palepale alipodungwa, na majibu ya maabara yaulizwe siku hiyohiyo yamefikia wapi.